Karabini ya 22: mtutu huumizwa zaidi na bageti kuliko risasi

Tarehe 2 mwezi wa nane mwaka 2024, katika uwanja wa kulenga shabaha wa Châteauroux, mji ulio kusini mwa Paris, Mswisi Chiara Leone alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki katika shindano la karabini la metre 50, mikao mitatu. Alimaliza na pointi 464,4. Mmarekani Sagen Maddalena, aliyechukua fedha, alimaliza na 463. Kila mmoja wao alikuwa amefyatua risasi 45 kwenye fainali: kwanza akiwa amepiga goti, kisha amelala kifudifudi, mwisho amesimama.

Tofauti kati yao ni pointi 1,4. Kwenye shabaha ya metre 50, sehemu moja ya kumi ya pointi ni sawa na milimetre 0,8. Ukijumlisha risasi zote 45, dhahabu na fedha zilitenganishwa na milimetre kama 11, upana ambao haufiki hata kidole gumba. Katika mchezo wa namna hiyo, kila kitu hupimwa: upepo, pumzi, pigo la moyo, hata boksi la risasi lilitoka katika toleo gani la kiwanda. Na kuna kazi moja ambayo haionekani kwenye televisheni, kwa sababu inafanyika mezani baada ya watazamaji kuondoka. Ni kusafisha mtutu.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, neno bunduki halileti picha ya medali. Linaleta picha nyingine, na kila mmoja anaijua yake. Karabini inayozungumziwa hapa ni chombo cha mchezo: inapiga risasi moja kwa wakati, yenye uzito wa gramu 2,6 hivi, kwenye karatasi ao kwenye shabaha ya elektroniki. Ujerumani, Uswisi, Norvege na Ufaransa, vilabu vya mchezo huo vina wanachama wengi, vijana na wazee. Na ndani ya vilabu hivyo kuna ubishi ambao haujaisha kwa zaidi ya miaka mia moja: mtutu wa 22 usafishwe lini, kwa nini, na kwa mkono gani?

Ganda lisilo na kiwasho cha katikati

Ili kuelewa ubishi huo, lazima kwanza kuelewa risasi yenyewe. Kwenye risasi kubwa, zile za kijeshi na za kuwinda wanyama wakubwa, kiwasho ni kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Risasi ya 22 haina kikombe hicho. Unga wa kuwasha umesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, duara nzima. Pini ya bunduki inapiga ukingo huo, unauponda, unga unawaka, baruti inashika moto. Wanaozungumza Kifaransa huita hiyo « percussion annulaire », yaani mpigo wa kwenye pete.

Mzizi wa wazo hilo uko Paris. Mwaka wa 1845 fundi wa bunduki Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ndogo sana kwa ajili ya kulenga shabaha ndani ya nyumba, burudani ya watu wenye sebule kubwa. Mwaka wa 1857 Wamarekani Smith na Wesson walitoa risasi fupi ya 22 kwa ajili ya bastola yao. Mwaka wa 1887 ikaja ile inayoitwa .22 Long Rifle, ambayo inatumika mpaka leo bila kubadilika sana umbo. Ubelgiji nao ulitia mkono. John Browning, mvumbuzi Mmarekani ambaye jina lake linajulikana Kongo kuliko la wavumbuzi wengi, alichora karabini ndogo ya 22 iliyoanza kutengenezwa na kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, mwaka wa 1914. Browning mwenyewe alifia Herstal, mwezi wa kumi na moja mwaka 1926, akiwa kazini.

Kiswahili kina jambo lake hapa. Lugha nyingi zina neno moja kwa madini na lingine kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki. Kwetu, risasi ni risasi: madini mazito ya kijivu, na pia kile kinachotoka mtutuni. Kwa karabini ya 22 neno hilo linakaa vizuri sana, kwa sababu risasi yake ya mashindano haijavikwa koti la shaba kama ile ya kijeshi. Ni madini matupu, laini, yaliyopakwa nta ao mafuta mazito kwa nje.

Ulaini huo ndio unaobadilisha hesabu yote ya usafi. Risasi kubwa ya koti la shaba inapita kwa kasi kubwa na kwa moto mkali, na kila mara inakula kidogo ya chuma cha mtutu. Risasi ya mashindano ya 22 inatoka kwa mwendo wa metre 320 hadi 330 kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti. Msukumo wake ni mdogo, joto lake ni dogo, na madini yake ni laini kuliko chuma kinachoyabeba. Kwa hiyo mtutu mzuri wa 22 unaweza kupigwa makumi ya maelfu ya risasi na bado ukalenga sawa. Kitu pekee kigumu kinachopita ndani yake mara kwa mara ni kile ambacho mwenyewe anakiingiza: bageti ya kusafishia.

Ndiyo maana kati ya walenga shabaha kuna kauli inayorudiwa kila kona, kwamba mitutu ya 22 iliyoharibiwa na bageti ni mingi kuliko iliyochakazwa na risasi.

Matuta na mifereji

Ndani ya mtutu si laini kama bomba la maji. Kumechongwa mifereji inayozunguka, na kati ya mifereji kumebaki matuta, kama shamba la viazi lililopandwa kwa mzunguko. Matuta hayo yanaikamata risasi na kuizungusha ili isiyumbe hewani. Katika karabini nyingi za 22 risasi inafanya mzunguko mmoja kamili kila santimetre 40 hivi.

Sehemu mbili ndizo zenye thamani kuliko zote. Ya kwanza ni pale matuta yanapoanzia, mbele kidogo ya chemba, ambapo risasi inaacha ganda na kushikwa kwa mara ya kwanza. Ikishikwa upande, itaenda upande. Ya pili ni mdomo wa mtutu, ule ukingo wa mwisho ambao risasi inauaga. Gesi inayoisukuma inatoka nyuma yake mara tu inapoachia ukingo. Kama ukingo umelika upande mmoja, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, gesi inatoka upande huo kwanza na kuigonga risasi kitako. Kwenye metre 50, ambapo duara la pointi kumi lina kipenyo cha milimetre 10,4 tu, pigo hilo linatosha.

Sasa fikiria bageti. Tundu la mtutu wa 22 lina upana wa milimetre 5,6 hivi, kwa hiyo bageti lazima iwe nyembamba kuliko hapo. Urefu wake unazidi metre moja ikiwa mtutu ni wa mashindano. Fimbo nyembamba na ndefu namna hiyo, ukiisukuma kwa nguvu, inajipinda. Ikijipinda, tumbo lake linalalia matuta. Ikiingia kwa pembeni, inakwaruza mwanzo wa matuta. Ikitokea mbele kwa pembeni, inakwaruza ukingo wa mdomo. Mara moja hakuna kinachoonekana. Kila jumapili kwa miaka kumi, ni jambo lingine.

Bageti zenyewe hazifanani. Zile za vipande vitatu vya aluminiamu, ambazo huuzwa ndani ya kisanduku pamoja na brashi, zina viungo vinavyoweza kukwama kwenye matuta, na aluminiamu ni laini kiasi kwamba chembe za mchanga huganda humo na kuifanya kama msasa. Wazoefu wanapenda bageti ya kipande kimoja, ya chuma kilichong'arishwa ao iliyovikwa plastiki, yenye mpini unaozunguka juu ya goroli ili kitambaa kifuate mzunguko wa mifereji badala ya kukatiza juu yake. Na hata hiyo, bila kitu cha kuinyoosha, inaweza kufanya madhara.

Kuna madereva wa pikipiki mjini Bukavu na Goma ambao wamelijua somo hili kwa njia yao. Karburateri ikiziba, wapo wanaochokoa kile kitundu cha petroli kwa kipande cha waya. Pikipiki inawaka. Baada ya siku chache inaanza kunywa petroli kama lori, kwa sababu kitundu kimepanuka.

Mrija wa kuongoza

Chombo kilichobuniwa kuzuia madhara hayo ni rahisi mno kuliko sifa zake. Kwa Kifaransa kinaitwa « guide-baguette ». Ni mrija wa plastiki ngumu, wa aluminiamu ao wa shaba ya manjano, unaochukua nafasi ya kulasi. Kulasi inachomolewa, mrija unaingizwa kwa nyuma mpaka ncha yake ifike mlangoni mwa chemba. Tundu lake limelingana na bageti, halina uhuru wa kuyumba. Kuanzia hapo, hata mkono ukiwa na haraka, bageti inaingia katikati na kwenda sawa na mtutu.

Kazi yake ya pili haitajwi sana, lakini mafundi wanaithamini vilevile. Kwenye ncha ya mrija mara nyingi kuna pete ya mpira inayoziba nafasi kati yake na chemba. Bila pete hiyo, dawa ya kusafishia pamoja na uchafu uliolainika hurudi nyuma, hudondoka ndani ya kifyatulio na kulowesha kitako cha mbao. Kifyatulio cha karabini ya mashindano ni kama saa ya mkononi. Dawa iliyochanganyika na masizi ikikauka humo, inakuwa gundi. Mbao nayo ikinywa mafuta kwa muda mrefu inalainika pale inapobeba chuma. Mrija mzuri una pia kidirisha kidogo juu, cha kudondoshea dawa kwenye kitambaa bila kumwaga mezani.

Kosa ambalo wengi hufanya ni kununua mrija wa jumla, unaodaiwa kufaa bunduki zote. Karabini ya 22 ina chemba nyembamba na nafasi ya kulasi ambayo inatofautiana sana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Mrija unaocheza humo ndani haumwongozi mtu yeyote. Anschütz, kiwanda kilichoanzishwa mwaka wa 1856 na sasa kiko Ulm, Ujerumani, kina nafasi yake. Viwanda vingine vina zao. Mrija unatakiwa kuwa wa karabini ile.

Si kila karabini inaukubali. Zile zinazojipakia zenyewe, kama Ruger 10/22 ya Marekani iliyotoka mwaka wa 1964, zimefungwa nyuma, hakuna njia ya kupitisha bageti kutoka upande wa chemba bila kuifungua bunduki. Wenyewe hulazimika kupitia mdomoni, kwenye ukingo uleule unaopaswa kulindwa. Kwa hao kuna kikofia kidogo cha kuongoza kinachowekwa mdomoni, ao kamba laini inayoingizwa kwa nyuma na kuvutwa mbele ikiwa na kitambaa. Kamba haina nguvu ya kung'oa uchafu sugu, lakini haikwaruzi, mradi ivutwe sawa na tundu na isisugue upande. Ile karabini ya Browning ya Herstal ilikwepa tatizo hilo tangu mwanzo: mtutu wake unatenganishwa na mwili kwa mkono, bila chombo chochote.

Mezani

Kazi inaanza kabla ya kushika bageti. Shaja inatolewa, kulasi inafunguliwa, chemba inaangaliwa kwa macho na kuguswa kwa kidole, na risasi zote zinaondolewa kwenye chumba, si kwenye meza tu. Vilabu vya Ulaya havina mchezo na jambo hilo, na ajali za bunduki « tupu » zinajulikana kila mahali ambapo kuna bunduki. Kulasi ikishachomolewa na mrija kukaa mahali pake, kuna faida nyingine: bunduki hiyo haiwezi tena kufyatuka, na aliye upande wa pili wa chumba anaiona.

Karabini inalazwa kwenye vigingi viwili, mdomo ukiwa umeinama kidogo, ili kinachotiririka kiende mbele. Kitambaa kidogo cha pamba kinaloweshwa dawa, kinafungwa kwenye ncha ya bageti na kusukumwa kwa mwendo mmoja, polepole, mpaka kitokeze mbele. Pale kinatolewa. Bageti inarudi tupu. Kukirudisha kitambaa kichafu nyuma ni kurudisha uchafu ulioutoa, na uchafu huo si masizi matupu. Kuna viwanda vinavyochanganya unga wa kioo ndani ya unga wa kuwasha, ili mpigo wa pini ulete msuguano wa kutosha. Unga huo unabaki mtutuni, na kuusugua huku na huko ni kuupa kazi ya msasa.

Baada ya kitambaa cha kwanza, dawa inaachwa dakika kadhaa. Kisha vinafuata vitambaa vikavu, kimoja kimoja, cheusi, cha kijivu, halafu cheupe ao karibu na cheupe. Wengi wanaishia hapo. Brashi ya nailoni ao ya shaba laini inakuja tu pale ambapo vitambaa vimeshindwa. Brashi ya chuma kigumu haina nafasi ndani ya mtutu wa 22, hata kama muuzaji anasema vingine. Huko Ujerumani wengi hawatumii kitambaa kabisa, wanatumia vidonge vya sufu iliyoshindiliwa, vinavyojaza mifereji vizuri zaidi.

Kuna sehemu moja isiyotii vitambaa. Mbele ya chemba, pale ganda linapoishia, moto wa kila risasi unaacha tabaka jembamba la masizi magumu kwa umbo la pete. Ni kama masizi ya chini ya sufuria iliyopikiwa makala kwa miezi: kitambaa kinapita juu yake kikiteleza. Pete hiyo ikinenepa, risasi inaingia kwa shida, ganda linatoka kwa shida, na matundu kwenye karatasi yanaanza kutawanyika. Wanaopiga risasi fupi za 22 ndani ya chemba ndefu wanaitengeneza haraka zaidi, kwa sababu ganda fupi linaishia nyuma na moto unachoma chemba yenyewe. Dawa maalumu ya masizi, muda wa kusubiri na brashi ndogo inayozungushwa hapohapo, vyote kupitia mrija, ndivyo vinavyoiondoa.

Kosa dogo linalofanywa na wanaotoka kwenye bunduki kubwa ni kuirudisha kulasi na kufyatua bure, « kujaribu kama inafanya kazi ». Kwa sababu pini ya 22 inapiga ukingoni, bila ganda la kuipokea inaweza kugonga mdomo wa chemba na kuutia jino. Siyo karabini zote, lakini za kutosha.

Kila siku ao kamwe?

Hapa ndipo vilabu vinagawanyika. Upande mmoja wako wanaosafisha baada ya kila mazoezi, kwa mkono mwepesi, vitambaa vitatu ao vinne. Upande mwingine wako wanaosema mtutu uachwe mpaka shabaha yenyewe ilalamike, na wapo wanaojivunia karabini ambayo haijaona bageti kwa miaka.

Upande wa pili una hoja. Nta ya risasi inapaka mtutu tabaka jembamba, na tabaka hilo ndilo linalofanya kila risasi ipite kama iliyotangulia. Mtutu uliotoka kusafishwa umekauka, na risasi zake za kwanza zinaweza kutua nje ya kundi. Ndiyo maana kabla ya shindano hakuna anayesafisha na kuanza kuhesabu pointi papo hapo. Anapiga kwanza risasi kadhaa za kuupaka mtutu nta upya. Ukibadilisha aina ya risasi, yaani nta nyingine, hadithi inaanza tena. Viwanda vya risasi za mashindano vina vituo, kama kile cha Lapua kilicho Schönebeck, Ujerumani, ambako mlenga shabaha anapeleka karabini yake ifungwe kwenye chuma na kujaribiwa toleo moja la risasi baada ya lingine, mpaka lipatikane linalopatana na mtutu ule.

Upande wa kwanza nao una historia. Mpaka miaka ya 1920, unga wa kuwasha ulikuwa na klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha chumvi, ya jamii moja na ile ya jikoni kwa tabia yake ya kuvuta unyevu. Mtutu uliolala usiku mmoja bila kusafishwa ungeamka na kutu, na mafuta hayakusaidia kwa sababu mafuta hayayeyushi chumvi. Ilihitajika maji ya moto. Katika nchi za mvua na joto, hiyo ilikuwa hukumu. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 viwanda vya Ujerumani na Marekani vilileta viwasho visivyo na chumvi, na Remington wakaipa risasi yao jina la Kleanbore, kwa maana ya tundu safi. Sababu ya kusafisha kila usiku ikaondoka, lakini baba waliendelea kuwafundisha watoto walivyofundishwa na baba zao, na desturi ikabaki ikiwa imepoteza chanzo chake.

Kati ya pande hizo, wenye busara ni wale wenye daftari. Wanaandika idadi ya risasi, siku ya kusafisha, na jinsi kundi la matundu lilivyokuwa kabla na baada. Mtutu mmoja unaanza kutawanya baada ya risasi mia chache, mwingine baada ya elfu. Hakuna sheria moja, na anayeitangaza huwa ana chupa ya kuuza. Unyevu ndio unaokata mjadala: penye hewa ya ziwa ao ya msitu, mtutu unaowekwa kwa wiki kadhaa unahitaji kukaushwa na kupakwa mafuta kidogo, safi ao mchafu, kisha mafuta hayo yafutwe kabla ya risasi ya kwanza. Wanamichezo wa biatloni, wanaobeba karabini mgongoni wakiteleza kwenye theluji na ambao tangu mwaka wa 1978 wanatumia kalibri ya 22, wanalijua kwa njia ya baridi: karabini ikitoka kwenye barafu na kuingizwa chumba chenye joto, maji yanajitengeneza ndani ya mtutu yenyewe.

Kitu kipya kimeingia katika ubishi huu miaka ya karibuni, nacho ni kamera nyembamba inayoingia mtutuni na kuonyesha picha kwenye simu. Zamani chombo hicho kilikuwa cha mafundi wenye fedha. Sasa kila mtu anaweza kuangalia. Matokeo yake si mazuri yote. Mtu ambaye karabini yake ilikuwa inalenga vizuri anaona doa jeusi, anaingiwa na hofu, ananunua dawa yenye msasa na kusugua mpaka doa liondoke, pamoja na kona za matuta. Daftari lingemwambia aliache doa hilo mahali pake.

Vumbi la madini

Kuna hatari moja ambayo haihusu mtutu. Vitambaa vyeusi vinavyotoka mbele vimebeba risasi, ile ya madini, pamoja na mabaki ya kiwasho, ambayo nayo mara nyingi yana risasi ndani yake. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwenye ubongo. Anayesafisha bunduki kwenye meza ya kulia chakula, huku mtoto akichezea vitambaa chini, anaweka sumu nyumbani bila kujua.

Vilabu vizuri vina chumba cha kazi hiyo chenye dirisha wazi. Glavu nyembamba zinavaliwa, hakuna kula, hakuna sigara, vitambaa vinaingia kwenye mfuko unaofungwa, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine. Nguo za kazi hazichanganywi na za familia.

Nchini Kongo, umiliki wa silaha kwa raia unasimamiwa na sheria ya tarehe 3 mwezi wa tisa mwaka 1985, ambayo inadai kibali hata kwa silaha ya kuwindia ao ya michezo. Karabini ya mashindano ya 22 ni kitu adimu hapa. Lakini mtu akiwahi kuipokea, kwa klabu ao kwa urithi, cha kuuliza kabla ya aina ya mafuta ni kama ndani ya sanduku lake kuna ule mrija. Ukikosekana, na mtutu unapitika kutoka nyuma, kamba laini na kitambaa vinatosha kungojea mpaka upatikane.